Herufi za Mzee wa Turffontein

Mdogo wangu alizikwa Johannesburg siku ya Ijumaa, na mimi nikafika baada ya wiki tatu. Pasipoti yangu ilikuwa imekwisha muda, na mpya haikutoka haraka. Watu wa kwetu walioko huko, Watanga na Wazanzibari wanaofanya biashara Fordsburg, walimkosha, wakamsalia na kumzika bila kunisubiri. Walifanya inavyotakiwa, na mpaka leo nawaombea kheri. Mimi nilichokwenda kufanya ni kuliona kaburi na kuchukua vitu vyake.

Nilisafiri kwa basi siku nne. Kituoni nilipokewa na mwanamke aliyekuwa akiishi naye chumba kimoja, msusi kutoka Bukavu, mnene, mpole, mwenye sauti ya chini. Alinikumbatia kabla sijajitambulisha, kwa sababu, alisema, sura ilikuwa moja. Umri wetu haukupishana sana lakini aliniita mama tangu dakika ile hadi naondoka.

Chumba chao kilikuwa Rosettenville, ndani ya nyumba iliyogawanywa kwa mbao. Wanne walilala humo, wote wanawake, watatu wa Kongo na mdogo wangu. Kitanda chake kilikuwa bado kimetandikwa. Vitu vyake vilikuwa vimewekwa ndani ya mfuko mmoja wa zipu: magauni, kanga mbili, msala, chupa ya chai, viatu vya kazi, na daftari nene lenye jalada jeusi.

Nililifungua daftari nikidhani ni la mapishi au la namba za simu. Kurasa zote zilikuwa zimejaa, mstari kwa mstari, lakini sikuweza kusoma hata neno moja. Hazikuwa herufi zetu wala za Kiarabu. Zilikuwa vitu kama vingazi, kama vidirisha viwili vilivyounganishwa, kama reki, kama funguo za makufuli ya zamani. Mwandiko ulikuwa wa mdogo wangu. Niliutambua kwa namna ulivyoegemea kushoto, kosa nililojaribu kumwachisha tangu ana miaka sita nikashindwa.

Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza. Kazi yangu ni kufundisha watoto kusoma, na mtoto wa kwanza kabisa niliyemfundisha, kabla sijapelekwa chuo, alikuwa yeye, nyumbani, kwa mkaa juu ya sakafu ya uani.

"Ile daftari, mama, miye sijue," msusi aliniambia. "Alikuwa anaandikaka asubuhi, mbele ya kwenda ku kazi. Pasta wetu aliiona, akasema ni maandiko ya shetani, tuichome. Miye nilikatala. Nikasema ule ana dada yake, dada yake njo ataamua."

Nilimshukuru, nikaona aibu, maana neno dada lilinichoma. Hapa lazima niseme jambo ambalo msusi hakulijua.

Mama yetu alipofariki, mwaka mmoja na miezi minne kabla ya hapo, tulichelewesha maziko kwa siku nzima ili mdogo wangu apate ndege. Nilimpigia simu asubuhi, mchana na jioni. Haikupokewa. Tukamzika mama bila yeye. Siku ya tatu ukaja ujumbe mfupi: "Poleni. Sitaweza kuja." Nami nikampigia, na safari hii akapokea, na nikasema nikiwa nimesimama katikati ya ukumbi, watu wa matanga wakinisikiliza, kwamba mtu aliyeshindwa kumzika mama yake asihangaike kuja kunizika mimi. Akasema, "Dada, nisikilize." Nikamwambia, "Kuanzia leo usiniite dada." Nikakata.

Hakuniita tena. Idi zilipita. Alituma ujumbe kwa mjomba na kwa mama mdogo, kwangu hakutuma. Nilijiambia kwamba amekiri kosa lake kwa kunyamaza. Kisha ikaja simu ya msusi.

Siku ya pili nilikwenda Fordsburg kuwashukuru waliomzika. Mwenye duka mmoja wa Pangani, mtu aliyesoma vyuoni, akalipekua daftari akisema si Kiarabu, si Kiajemi, si Kihindi. Alidhani ni Kihabeshi. Akanipeleka kwa Mhabeshi anayeuza mablanketi Marshalltown, naye akalishika kwa furaha, kisha uso ukabadilika. Akasema zinafanana kidogo na za kwao, lakini si za kwao. Aliniuliza nimezitoa wapi. Nikasema ni za mdogo wangu. Akalirudisha kwa mikono miwili.

Jioni ile msusi akakumbuka. Mdogo wangu alifanya kazi za nyumbani kwa mzungu mmoja mzee, Turffontein, siku tatu kwa wiki, jirani na uwanja wa mbio za farasi. Msusi hakuwahi kuingia mle, ila aliijua nyumba, kwa sababu waliwahi kupita wakitoka sokoni, na mdogo wangu akamwonyesha: ukivuka robot ya pili, yaani taa za barabarani, nyumba yenye mawe yaliyochongwa uani.

Tulikwenda asubuhi ya Alhamisi. Mawe yalikuwepo kweli, mengine yamemea kuvu, mengine yamechongwa nusu na kuachwa. Msusi alibonyeza kengele. Mzee akatoka taratibu, mrefu, amevaa sweta la kijani lililotoboka viwiko. Alipofika getini akainama na kunitazama kupitia nondo, mimi na mtandio wangu, na uso wake ukafunguka.

"Umerudi," alisema kwa Kiingereza. "Nilidhani nimekuudhi."

Macho yake yalikuwa na ukungu. Alinidhania ni yeye. Na hapo nikaelewa kwamba kwa muda wote ule hakuna aliyemwambia. Msusi hakuwa na namba yake. Waliomzika hawakumjua. Mzee alikuwa amekaa wiki tatu akipiga simu iliyozimwa.

Kiingereza changu ni cha shule. Nilichosema ni kwamba mimi ni dada yake, na kwamba mdogo wangu amefariki. Alijaribu kufungua kufuli la geti, ufunguo ukawa hauingii, akajaribu tena, na tena, mpaka msusi akaingiza mkono kati ya nondo akamfungulia.

Ndani alituketisha mezani, jikoni. Aliuliza amekufa na nini. Msusi akasema kifua. Mdogo wangu alikuwa akikohoa tangu baridi ilipoanza, na siku moja hakuweza kupanda ngazi, wakamkimbiza hospitali, hakutoka. Mzee akatikisa kichwa, akasema mbona alikuwa akifua mashuka hapa wiki ile ile.

Nilitoa daftari mfukoni. Hata kabla sijalifungua aliweka kiganja chake juu ya jalada, kama mtu anavyomwekea mtoto mkono kichwani.

"Hili nilimnunulia mimi," alisema.

Nitaeleza alichonieleza, kwa kifupi, maana alikisema kwa zaidi ya siku moja. Yeye alizaliwa katika kisiwa cha bahari ya Adriatiki, huko kwa Wakroati, akaja Afrika Kusini kijana, akawa mchonga mawe ya makaburi hadi macho yalipomshinda. Katika kisiwa chao mapadri wa zamani walisali kwa lugha yao wenyewe wakati wenzao wa kote walisali Kilatini, na vitabu vyao viliandikwa kwa herufi zao, ambazo aliziita glagoljica, akaniandikia jina hilo kwenye karatasi. Ndizo herufi za kwanza kabisa za Waslavi. Alisema zilitungwa na mtu mmoja aliyetumwa kutoka Ugiriki pamoja na ndugu yake wa tumbo moja, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, ili watu wale wasikie maneno ya dini kwa lugha waliyonyonya. Baadaye zilikuja herufi nyingine, nyepesi, zikazisukuma pembeni, zikabaki visiwani na kwenye mawe. Babu yake alizijua. Yeye alifundishwa na babu kwa kuchonga.

Mdogo wangu alizikuta kwenye jiwe moja pale uani alipokuwa akifagia majani. Akauliza. Mzee alisema katika miaka yote aliyokaa nchi hii hakuna mtu aliyewahi kumwuliza.

Niliuliza kama angeweza kunisomea. Akasema lugha haijui, ila sauti anazijua. Akaenda kuleta kioo cha kukuzia, kikubwa kama sahani ya kikombe, akasogeza kiti dirishani, akaweka kidole kwenye herufi ya kwanza. Alianza kama wanavyoanza watoto wangu, sauti moja moja.

"D. A. D. A." Kisha akaunganisha. "Dada."

Msusi alinishika mkono.

Aliendelea. Herufi zile hazina wa. Mdogo wangu alitumia ve, na mzee akasoma kama alivyoona. "Dada, leo mzee amenipa herufi tano mpya. Nitaandika humu, kva sababu chumbani vote vanasoma Kisvahili, na siri ya mgonjva haikai kati ya vatu vanne."

Hakujua anasema nini. Alikuwa akivuta pumzi mahali pasipostahili, akikata maneno katikati, akisita kwenye ng'o na dhambi na thelathini, mahali ambapo mdogo wangu alibuni vialama vyake. Lakini ilikuwa ni sauti yake. Namaanisha mdogo wangu. Namna yake ya kuzunguka neno kabla ya kulisema. Nilimsikia kabisa, akitoka katika mdomo wa mzee wa kizungu, jikoni, saa tano asubuhi.

Ukurasa wa tatu ndio huu. Nauandika kwa wa zetu.

"Dada, siku mnamzika mama nilikuwa hospitali. Walinikata titi la kushoto asubuhi ile ile. Simu ilifungiwa kabatini. Nilipopewa nikaona umepiga mara nyingi, nikajua kabla ya kusoma. Sikukwambia, maana ungetulilia wawili kwa siku moja. Nikasema nitakwambia matanga yakiisha."

Matanga hayakuisha. Siku ya tatu nilimpigia mimi.

Msusi alikuwa ameziba mdomo kwa kitambaa cha kichwa. Wamelala chumba kimoja mwaka mzima wala hakujua habari ya titi. Mzee aliona hali zetu akasimamisha kidole.

"Niendelee?" aliuliza.

Nikamwambia aendelee.

"Umesema nisikuite dada. Kwenye simu nimetii. Humu huwezi kusoma, basi humu nitakuita."

Akageuza ukurasa. Juu, neno la kwanza, dada. Akageuza mwingine, dada. Nilimwomba asimame. Nikatoka uani nikakaa juu ya jiwe mojawapo ambalo halikumalizwa, na huko nililia kwa sauti, jambo ambalo sikulifanya hata kwa mama.

Nilikaa Johannesburg siku tisa, na tangu Alhamisi ile, kila siku isipokuwa Jumapili, nilikwenda Turffontein. Macho ya mzee yalichoka baada ya kurasa mbili au tatu. Akichoka alinifundisha. Nilijifunza haraka, ndiyo kazi yangu. D ukiipindua chini juu unapata V, na hilo lilikuwa limemchekesha sana mdogo wangu, kwa mujibu wa daftari. Kufikia siku ya tano niliweza kusoma mwenyewe polepole, na mzee akawa ananisahihisha tu.

Si yote yalikuwa ya huzuni. Aliandika kuhusu baridi, kuhusu msusi anavyokoroma na anavyomwachia maji ya moto, kuhusu mtoto wa jirani aliyezaliwa huku akamjibu Kizulu aliposalimiwa Kiswahili. Aliandika siku za dawa zile zilizomtoa nywele, na jinsi alivyomshukuru Mungu kwa mtandio. Siku hizo alimwambia mzee kwamba anakwenda sokoni Fordsburg. Kumbe ni kliniki. Aliandika kwamba amepanga kunipigia Idi, akaandika tena kwamba hakupiga. Aliandika: "Dada ana haki. Angekuwa yeye, mimi pia ningekasirika." Sentensi hiyo niliisoma mwenyewe, bila msaada, na nilitamani nisingejifunza.

Kuna ukurasa uliomhusu mzee. Ukutani, karibu na simu ya mezani, kulikuwa na karatasi yenye neno moja la herufi zile, kubwa, kwa kalamu nyekundu. Nilikuwa nimelisoma siku ya nne; lilikuwa jina la kike. Kwenye daftari mdogo wangu aliandika kwamba mtoto wa mzee, aliyeko Australia, hupiga kila Jumapili, na mzee hujifanya laini mbaya na kukata, kwa sababu amesahau jina la mjukuu wake na anaogopa kuulizwa. "Nimemwandikia ukutani," aliandika, "kwa herufi zake, ili mtu mwingine akiingia asijue kwamba mzee anasahau. Nimemwambia ni zoezi langu."

Nilisita nusu saa nzima kama nimwambie. Kila siku alikuwa akiniuliza ameandika nini, nami nilikuwa nikimtafsiria kipande, nikiruka vipande. Mwishowe nikaona kwamba watu wawili wamekwisha kufichwa mambo kwa huruma katika habari hii, na sikuona faida yake. Nikamwambia.

Aliinuka akaenda ukutani. Alisimama mbele ya ile karatasi huku amenipa mgongo.

"Niliamini kweli ni zoezi," alisema.

Baadaye akaniomba ukurasa ule, nikaukata kwa wembe na kumpa. Ndio pekee niliouacha.

Jumapili msusi hakwenda kanisani, alinipeleka makaburini. Kaburi lilikuwa tuta la udongo mwekundu, na kibao cha bati chenye namba, jina, na kosa katika jina. Nilisoma Yasini. Nilikuwa nimepanga kumwomba radhi kwa sauti, nikabaki nang'oa majani yaliyoanza kuota. Msusi alisimama mbali kidogo kwa heshima. Tulipokuwa tukitoka akasema, "Alikuwa anakusema kila siku, mama. Dada yangu mwalimu, dada yangu mwalimu. Siye tulikuwa tunajua ninyi munapendana."

Kurasa za mwisho za daftari mwandiko umetawanyika. Vile vingazi vimelala, vidirisha havikufungwa. Mzee hakuweza kuzisoma kwa kioo chake, nami nilizisoma kwa shida. Wa mwisho una mistari miwili tu. Anasema kesho hatakwenda kazini, atapumzika, na kwamba sukari imekwisha. Niliutafuta sana ujumbe ndani ya mistari ile. Haumo. Alidhani kuna kesho kutwa.

Siku ya kuondoka mzee hakuja kituoni, hakuweza. Alinipa mkono getini akaushika muda mrefu. Aliniambia kwamba sasa watu wanaojua herufi zile na Kiswahili, duniani kote, ni mmoja.

Nyumbani Tanga tulikaa hitima ya arobaini. Wasomaji walipokwisha kula na kutawanyika tulibaki sisi wenyewe ukumbini. Mjomba akaniuliza nimegundua nini huko, mtoto aliugua nini. Ningeweza kusema kifua. Niliwaeleza yote: titi, siku ya maziko, dawa, daftari. Kisha nikarudia mbele yao, neno kwa neno, yale niliyomwambia kwenye simu, pale pale nilipokuwa nimesimama siku ile. Wengi wao waliyasikia wakati nayasema, na hakuna aliyenikataza, na hilo pia nililisema.

Mama mdogo alianza kulia. Mjomba alikaa akiitazama miguu yake. Yeye ndiye aliyekuwa ameshika simu baada yangu siku ile, akaizima akaiweka juu ya kabati.

"Nilikuwa na namba yake," alisema. "Mwaka mzima nilikuwa nayo."

Tulikaa hivyo mpaka ilipoadhiniwa Alasiri, wanaume wakainuka kwenda msikitini, na sisi tukaanza kukusanya sahani.